Sensa inalia kwa sanitaiza, inanyamaza kwa makaa: imeharibika?

*"Nafuga kuku wa mayai huku Njoro, kaunti ya Nakuru. Nikileta vifaranga wa siku moja nawaweka kwenye chumba cha mabati nilichokifanya bruda, na joto natoa kwa majiko mawili ya makaa kwa sababu stima hupotea sana. Kijana wangu, anayesomea fizikia chuoni, alininunulia sensa ya gesi inayoitwa MQ-2 akaiunganisha na king'ora. Mwanzoni ilikuwa inalia ovyo: nikipuliza sanitaiza, mvua ikinyesha, maranda yakianza kunuka. Akazungusha ile skrubu ndogo ya kwenye bodi, ikatulia. Shida ni kwamba mara kadhaa nimekaa bruda usiku nikiangalia vifaranga, nikatoka kichwa kinaniuma, natapika, magoti hayana nguvu, na sensa haikulia hata kidogo. Nikikaa nje napata nafuu. Jirani anasema makaa yakishakolea vizuri hayana madhara, tena niweke beseni la maji kando ya jiko livute gesi. Kijana naye anasema atatengeneza seli ya fueli ya mbolea ya kuku ili sensa isitegemee stima, na anataka huo uwe mradi wake wa mwaka wa mwisho. Je, sensa imeharibika ama tulinunua mbaya? Na hiyo seli ya mbolea itafanya kazi kweli?"*

Pole sana, mama. Umeuliza kuhusu sensa, lakini mimi nitaanza na kichwa chako. Kichwa kuuma, kutapika na magoti kulegea, halafu nafuu ukishatoka nje, ni dalili za mtu aliyevuta kaboni monoksaidi. Tafadhali usikae tena kwenye bruda hiyo usiku kabla hujaifungulia hewa, na usimruhusu mtu yeyote alale humo hata usiku mmoja. Gesi hii haina rangi wala harufu, na haiwashi koo. Ndiyo inayoua watu wanaoingiza jiko chumbani wakati wa baridi. Humkuta mtu usingizini, na maumivu ya kichwa ambayo yangemtahadharisha hayamwamshi.

Ndani ya himoglobini ya damu mna chuma, na chuma hicho ndicho hubeba oksijeni. Kaboni monoksaidi hukishika chuma hicho kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo maana kiasi kidogo sana hewani hutosha kukuumiza: mtu anayevuta hewa yenye sehemu 200 za gesi hiyo kwa kila milioni huumwa kichwa ndani ya saa mbili au tatu. Iweke akilini tarakimu hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye sensa.

Hali hiyo ikikupata tena, toka nje mara moja, usirudi kuzima jiko wala kuokoa vifaranga, kisha nenda hospitali, iwe ile ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru ambayo wengi bado huiita PGH, au kituo chochote kilicho karibu chenye oksijeni. Ukifika sema wazi: "Nilikuwa ndani na jiko la makaa." Nasisitiza maneno hayo kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni hudanganyika. Kinapima oksijeni kwa kupitisha mwanga mwekundu na ule wa infraredi kwenye ngozi, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi huonekana kwake karibu sawa na damu iliyobeba oksijeni. Kinaweza kuandika 98 mtu akiwa hatarini. Kinachotoa jibu la kweli ni kipimo cha damu cha kaboksihimoglobini, yaani himoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi. Tiba yenyewe ni oksijeni: mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo hutoka kwenye damu kwa saa 4 hadi 5, akipewa oksijeni tupu, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Mama mjamzito asingoje dalili zizidi, maana mtoto aliye tumboni huumia zaidi yake. Na wewe, kwa kuwa imekupata mara kadhaa, nenda ukaonwe na daktari hata kama leo unajisikia mzima.

Sasa jirani yako. Najua anakutakia mema, lakini yote mawili aliyokuambia si kweli, na la kwanza ni la hatari. Makaa yakikolea, moshi huisha, macho hayawashi tena, na mtu huona kwamba ubaya umekwisha. Moshi ule ulikuwa maji na mabaki ya kuni. Kaboni monoksaidi inatoka kwenye makaa mekundu yenyewe. Chini ya jiko, ambako hewa inaingia, kaboni huungua kabisa ikawa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa ya moto na kukuta oksijeni imekwisha, hupokea kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksaidi. Vile vindimi vya moto wa buluu unavyoviona juu ya jiko lililokolea ni gesi hiyo ikiungua kabla haijatoroka. Vikipotea, au ukifunika makaa kwa majivu ili yadumu hadi asubuhi, gesi hutoka bila kuungua na kujaa chumbani.

Kuhusu beseni, gesi hii haipendi maji. Hata ukiiweka juu ya maji ikiwa tupu, lita moja humeza kama miligramu 27 tu. Kwenye chumba chenye sehemu mia mbili kwa milioni, beseni lako halivuti chochote cha maana. Limwage.

Sensa yako haijaharibika. Ilinunuliwa kwa kazi nyingine.

MQ-2 ni kopo dogo lenye wavu, na ndani yake mna kigae kilichopakwa oksaidi ya bati na waya wa kukipasha joto hadi nyuzi mia mbili na zaidi. Uso wa oksaidi hiyo ukiwa moto, oksijeni ya hewani huja kuugandia, na kila inapoganda hunyang'anya elektroni kutoka kwenye chembe za oksaidi. Elektroni hizo zinakuwa kama mbuzi waliofungwa kamba ukingoni mwa shamba: wapo, lakini hawafiki barabarani. Umeme unapita kwa shida. Ikija gesi inayoweza kuungua, inaichukua ile oksijeni iliyoganda, kamba inakatika, elektroni zinarudi ndani, na ukinzani wa kigae unashuka. Bodi inasoma mshuko huo, na ukivuka kiwango kilichowekwa kwa ile skrubu, king'ora kinalia.

Angalia vizuri: hakuna mahali popote katika mpango huo ambapo sensa inauliza "wewe ni gesi gani?" Inachojua ni kwamba kuna kitu kimeondoa oksijeni. Pombe iliyo kwenye sanitaiza huiondoa, amonia inayopanda kutoka kwenye maranda yaliyolowa huiondoa, na hata harufu ya kitunguu kinachokaangwa huiondoa. Unyevu wa mvua nao hutulia juu ya oksaidi na kushusha ukinzani kwa njia yake. Kwa hiyo ililia kwa haki kila mara. Haikukosea, wala kijana hakuunganisha vibaya.

Na kwa nini ilinyamaza ulipoumwa? Mjapani Naoyoshi Taguchi alipoomba hataza ya sensa ya oksaidi ya bati mwaka 1962, tatizo lililokuwa mezani ni milipuko ya gesi za kupikia majumbani. Gesi ya mtungi huanza kuweza kulipuka ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, yaani sehemu 20,000 kwa milioni. Sensa ya kulia mapema kwa hatari hiyo inaweza kuanzia mamia au maelfu ya sehemu kwa milioni ikawa imefanya kazi yake vizuri kabisa, na MQ-2 imetengenezwa kwa masafa hayo. Wewe uliumia kwa gesi nyingine, ambayo sensa hiyo huihisi kwa udhaifu, tena kwa kiasi cha mia na kitu. Halafu skrubu ikazungushwa. Simlaumu kijana, kila mtu angefanya hivyo. King'ora kikilia kwa sababu zisizo na maana mtu hukipunguza makali. Lakini alichokifanya, bila kujua, ni kuiambia sensa ipuuze hata kile kidogo ilichokuwa inakisikia. Stima ikikatika, ule waya wa kupasha joto hupoa na sensa inakuwa kipande cha udongo tu.

Kuna ndugu yake iitwayo MQ-7 ambayo wauzaji watakuambia ni ya kaboni monoksaidi. Ni kweli kiasi. Hiyo hupashwa joto kwa zamu: volti 5 kwa sekunde 60 ili kuusafisha uso, kisha volti 1.4 kwa sekunde 90, na kipimo husomwa wakati huo wa joto la chini, ambapo kaboni monoksaidi husikika zaidi kuliko nyingine. Nimeona wanafunzi wengi wakiiunganisha kwa volti 5 mchana kutwa na kushangaa kwamba namba hazina maana. Hata ikiunganishwa ipasavyo, bado huyumba kwa unyevu na pombe. Ni nzuri kwa kujifunzia. Uhai wa mtu nisingeuweka juu yake.

MQ-2 yako usiitupe. Ihamishie jikoni, kama mnapikia gesi ya mtungi, uiweke chini karibu na sakafu kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Iache kwenye umeme siku mbili kabla ya kurekebisha skrubu upya, na kijana asiibandike kwa gundi ya silikoni. Mvuke wa silikoni hufunika oksaidi ya bati na kuiua polepole.

Kinachofaa kwa kaboni monoksaidi ni sensa ya aina tofauti kabisa, nayo inatupeleka kwenye swali la kijana wako, kwa sababu sensa hiyo ni seli ndogo ya fueli. Sisemi inafanana nayo. Ndiyo yenyewe.

Seli ya fueli ni kifaa kinachounguza kitu bila moto. William Grove wa Wales alionyesha mwaka 1839 kwamba haidrojeni na oksijeni zikikutanishwa kupitia vipande vya platinamu vilivyochovywa kwenye asidi hutoa umeme. Mwaka 1965 chombo cha Marekani cha Gemini 5 kilikwenda angani kikiwa na seli za namna hiyo. Siri iko katika kutenganisha njia. Fueli huachia elektroni upande mmoja, protoni zinapita ndani ya asidi au utando, na elektroni, kwa kuwa haziwezi kupita humo, zinalazimika kuzunguka kwa waya wa nje hadi upande wa oksijeni. Huko kwenye waya ndiko tunakopata kazi.

Weka kaboni monoksaidi mahali pa haidrojeni. Gesi inaingia kwa kitundu chembamba, inafika kwenye elektrodi (kipande cha kupokea au kutoa umeme) ya platinamu, inakutana na maji, inageuka kaboni dayoksaidi na kuacha protoni mbili na elektroni mbili. Upande wa pili protoni na elektroni hizo hukutana na oksijeni ya hewa yakawa maji tena. Elektroni mbili kwa kila molekuli, si zaidi wala si pungufu. Mkondo unaopatikana ni mdogo mno, hupimwa kwa sehemu za bilioni za ampea moja, lakini unakwenda sambamba na kiasi cha gesi: gesi ikiongezeka maradufu, mkondo nao maradufu. Ndiyo maana kengele ya aina hii inaweza kutofautisha sehemu 30 na sehemu 60 kwa milioni, na ndiyo maana inaishi kwa betri ndogo muda mrefu, kwa kuwa haina cha kupasha joto. Mbele ya kitundu huwekwa kichujio cha kaboni amilifu, ambacho hunasa mvuke wa pombe na viyeyusho na kuiacha kaboni monoksaidi ipite. Sanitaiza yako haitaisumbua kirahisi.

Hapa kuna jambo ambalo mimi hulipenda sana katika kazi hii, na kijana wako atalipenda pia. Katika seli za fueli za magari, zile za haidrojeni, kaboni monoksaidi ni sumu. Sehemu kumi tu kwa milioni ndani ya haidrojeni hutosha kudhoofisha seli, kwa sababu inagandia platinamu na kuziba nafasi ya haidrojeni, na hapo haiondoki. Inafanya kwa platinamu kile inachofanya kwa chuma cha damu yako. Inakuwaje basi sensa itumie platinamu hiyohiyo? Jibu ni volti. Elektrodi ya haidrojeni katika seli ya gari hukaa kwenye volti ya chini, ambapo kaboni monoksaidi iliyoganda haina njia ya kuungua. Ndani ya sensa, saketi huishikilia elektrodi kwenye volti ya juu zaidi, ambapo maji yanaipa oksijeni na inaungua papo hapo inapofika. Watafiti wa seli za fueli huchanganya platinamu na ruthenamu kwa sababu ruthenamu huvuta maji mapema, kwenye volti ya chini, na kusaidia kuisafisha. Kazi kubwa ya sisi tunaochunguza vifaa hivi ni hiyo: kuchagua nini kigande, kwa nguvu gani, na kiondoke lini.

Ukienda kununua, usiulize tu "sensa ya gesi." Uliza kengele ya kaboni monoksaidi yenye sensa ya kielektrokemia, yaani hiyo ya seli ya fueli, na utafute kwenye kifuniko alama ya kiwango EN 50291 cha Ulaya au UL 2034 cha Marekani, pamoja na mwaka wa mwisho wa matumizi. Kengele ya EN 50291 inatakiwa ilie kati ya dakika 60 na 90 hewa ikiwa na sehemu 50 kwa milioni, kati ya dakika 10 na 40 ikiwa na 100, na ndani ya dakika 3 ikifika 300. Kuchelewa huko ni kwa makusudi, inafuata jinsi damu inavyojaa. Isiyo na tarehe wala alama ya kiwango, iache dukani hata kama ni rahisi. Kile kitufe cha kujaribia kinapima betri na king'ora. Mara nyingi hakipimi sensa yenyewe, kwa hiyo tarehe ikipita, badilisha hata kama bado inalia ukibonyeza.

Mahali pake pa kudumu ni nyumbani, chumba mnacholala. Bruda ina vumbi la kuziba kitundu, na amonia, ambayo ni alkali, ikikutana miezi na miezi na asidi iliyo ndani ya sensa huidhoofisha. Kengele hizi zilitengenezwa kwa ajili ya sebule. Ingia nayo bruda ukienda kukaa, uitundike usawa wa uso wako, si juu ya jiko wala mlangoni, kisha utoke nayo.

Hata hivyo, kengele ije baada ya hewa. Najua ugumu: vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Njoro ni baridi, kwa hiyo watu huziba kila upenyo kwa nailoni. Badala ya kupasha chumba kizima, wapashe vifaranga. Wazungushie ukuta mdogo wa kadibodi au karatasi ngumu, uwawekee kifuniko cha kushikilia joto juu ya sehemu yao, kisha uache nafasi wazi chini ya paa pande mbili za chumba na nyingine ya kuingizia hewa karibu na sakafu. Makaa yawashwe nje mpaka yakolee ndipo yaingie. Hilo huondoa moshi, lakini kama nilivyosema, haliondoi gesi. Kama unaweza kumpata fundi wa mabati, kilicho bora kwangu ni jiko ambalo mdomo wake wa kutilia makaa uko nje ya ukuta na bomba lake linapita ndani na kutokea juu ya paa: joto linabaki, gesi inakwenda zake. Bruda ya gesi ya mtungi ni safi kuliko makaa, ila nayo ikikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi. Taa ya infraredi haitoi gesi yoyote, na shida yake ni hiyo hiyo ya stima. Mwite afisa wa mifugo wa wadi yako aione bruda kwa macho yake kabla ya kundi lijalo, maana mimi siwezi kupima upepo wa chumba chako kwa maandishi.

Tuje kwa seli ya mbolea. Inawezekana, na si mpya. Mwaka 1911 Michael Potter, mtaalamu wa mimea huko Uingereza, alionyesha kwamba vijidudu vinavyokula vitu vya viumbe hai vinaweza kutoa umeme kwenye elektrodi. Bakteria kama Geobacter, ambao wanaishi kwenye matope yasiyo na oksijeni, hula chakula chao na kusukuma elektroni nje ya miili yao. Ukiwawekea kaboni pale chini na elektrodi nyingine juu penye hewa, una seli ya fueli inayojitunza.

Lakini ifanyeni hesabu kabla ya kuchota mbolea. Seli rahisi ya matope au samadi hutoa kama miliwati 20 kwa kila mita mraba ya elektrodi. Ndoo ya lita 20 ikibeba elektrodi ya mita mraba 0.1, hiyo ni miliwati 2. MQ-2 inataka karibu miliwati 800. Ni ndoo mia nne kwa sensa moja, ambayo tena haikufai! Paneli ndogo ya jua ya wati 10 na betri itafanya kazi hiyo bila jasho. Mbolea ya kuku ina ugumu wake pia: naitrojeni nyingi hugeuka amonia, na amonia ikizidi huwanyong'onyeza hao hao bakteria, kwa hiyo italazimu kuichanganya na maji au na samadi ya ng'ombe.

Kwa sensa ya kielektrokemia hesabu inabadilika. Hiyo haihitaji joto, na kompyuta ndogo ya kuisoma inaweza kulala na kuamka kila dakika moja. Miliwati 2 zikikusanywa kwenye kapasita zinaweza kuiendesha. Ni onyesho zuri, na lina heshima yake kisayansi. Kwa usalama wa mama yake, hata hivyo, anunue kengele ya betri.

Kama anataka mradi wenye uzito, ningemshauri aache kuhangaika na ndoo nyingi, ashughulikie elektrodi ya hewa. Hapo ndipo seli nyingi za fueli zinakwama, kubwa na ndogo, kwa sababu oksijeni ni mvivu kupokea elektroni bila platinamu, na platinamu ni ghali. Duniani kote watu wanatafuta kaboni ya kuchukua nafasi hiyo, hasa kaboni yenye atomi za naitrojeni zilizoshika chuma. Chuma kilichozungukwa na naitrojeni nne, mama, ndicho hicho kilicho ndani ya himoglobini. Kemia imerudi kuiga damu. Na wewe una naitrojeni bure pale nyumbani: manyoya ya kuku ni protini iitwayo keratini, yenye naitrojeni na salfa ndani yake. Yakichomwa bila hewa kwenye tanuri la maabara pamoja na chumvi ya chuma na kuamilishwa kwa potasiamu haidroksaidi, hutoa kaboni yenye vitundu vingi inayostahili kujaribiwa. Wenzake wa Kisumu wanaweza kufanya hivyo kwa gugumaji la ziwani, na wa Kakamega kwa bagasi ya miwa, na kulinganisha. Aende kwa idara ya kemia, iwe ya chuo chake au ya Egerton hapo jirani, Maseno au Masinde Muliro, aulize kuhusu tanuri la naitrojeni na potentiostati, kifaa cha kushikilia volti ya elektrodi na kupima mkondo. Hilo si jambo la kufanyia nyuma ya nyumba, kwa kuwa potasiamu haidroksaidi huchoma ngozi na macho vibaya.

Namna hiyo hiyo, akitaka kujaribu sensa yoyote ya kaboni monoksaidi, asiifungie kwenye sanduku na makaa. Ajaribu chuoni, ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwa mtungi wa gesi ya kipimo kilichothibitishwa.

Akitengeneza seli ya mbolea, mwambie asitumie misumari, zinki wala shaba. Vyuma hivyo huliwa na unyevu na kutoa umeme wenyewe, na wanafunzi wengi wamesifu bakteria kwa kazi iliyofanywa na kutu. Vijiti vya kaboni kutoka betri kavu zilizokufa vinafaa, na waya wa chuma kisichoshika kutu, akivifungua kwa glavu na kuvisafisha vizuri. Aipe seli wiki moja au mbili bakteria watulie. Apime ikiwa imebebeshwa rezista, kwa sababu volti za seli isiyobeba mzigo huonekana nzuri kila mara, halafu aandike miliwati kwa mita mraba. Pembeni atengeneze seli ya pili, sawa kwa kila kitu, ila mbolea yake iwe imechemshwa kwanza na kufunikwa isiingiwe na bakteria wapya. Zikitoa umeme sawa, hao bakteria wake bado hawajaanza kazi.